Marekani: dola 20 ili kulala kambini, siku tatu katika gari-nyumba kando ya ziwa Superior

Mwezi wa saba uliopita, familia yetu ya watu sita ilikodi gari-nyumba hapa Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, na kwenda kulala siku tatu kando ya ziwa Superior. Gari-nyumba ni ile Wafaransa wanaita camping-car: gari ndefu yenye vitanda, jiko, frigo na choo ndani. Wakongomani wengi wanaoishi katika mji huu wanaziona zikipita kila mwaka wakati wa joto, lakini wachache sana wamekwisha kulala ndani. Bei ni sababu moja. Sababu ingine ni neno. Pahali gari hizo zinapoenda kusimama, Wamarekani wanapaita kambi.

Kwa mtu wa Fizi, wa Uvira ao wa Masisi, kambi si pahali pa kupumzikia. Mimi niliingia Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, mwaka wa 1996, mwaka ule ule kambi ilifunguliwa. Nilikuwa na miaka 9. Nilitoka na miaka 29, na mke, na watoto wawili. Kwa hiyo siku ile kijana wangu mkubwa alirudi toka masomo akisema kwamba wenzake wote wanaenda kambini na wazazi wao, mama yangu mzazi aliweka kikombe chini na kuuliza: «Hao wazazi wamefanya nini, hata wanarudishwa ku kambi?»

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Mambo yalibaki hivyo karibu miaka mitatu. Kila mwaka kijana alirudilia ombi lake, na kila mwaka nilisema tutaona. Mwishoni nilifanya kitu ambacho sijivunii. Nilimwambia mama, mwenye miaka 71 sasa, kwamba tunaenda ku ziwa. Hilo lilikuwa kweli. Sehemu ingine ya habari nilibaki nayo mwenyewe.

Tulilipa dola 190 kwa usiku, bila kuhesabu bima na mafuta. Kwa hema tungelipa kidogo sana, lakini kumuomba mama alale tena chini ya shitingi sikuthubutu hata kuliwaza. Permi ya kawaida inatosha kuendesha gari hiyo, ijapokuwa urefu wake unapita mita 7. Mwenye gari alinifundisha kwa saa moja. Kuna matangi matatu. La kwanza linabeba maji safi, lita 150 hivi. La pili linapokea maji ya kuoshea vyombo na ya kuogea. La tatu ni la choo, na juu ya hilo alirudilia maneno mara mbili: usilifungue popote isipokuwa pale palipotengenezwa kwa kazi hiyo. Jiko linatumia gazi. Taa, pampu ya maji na feni inayosukuma joto usiku vinatumia batri. Hapo kwa batri sikusikiliza vizuri, na tutaona matokeo yake.

Toka Grand Rapids mpaka kule ni zaidi ya kilomita 500 kuelekea kaskazini, na gari ya namna hii inakunywa lita 25 mpaka 30 kwa kila kilomita 100. Unavuka daraja la Mackinac, lililofunguliwa mwaka wa 1957, lenye urefu wa kilomita 8 hivi, pale ziwa Michigan na ziwa Huron yanapokutana. Siku ya upepo mkali, gari ndefu zinaamriwa kwenda polepole. Upepo haukuwa mkali, lakini mimi nilikwenda kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Mama alifunga macho toka mwanzo wa daraja mpaka mwisho, midomo ikitembea.

Ziwa Superior, kwa eneo lake, ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya dunia yasiyo na chumvi: kilomita za mraba 82 000 na zaidi, wakati Tanganyika inafika karibu 33 000. Ukisimama ufukoni hauoni ngambo. Lakini kwa kina, mtu wa kwetu asiogope. Superior inaenda chini mita 406. Kivu inapita mita 475, na Tanganyika inafika mita 1 470. Niliwaambia watoto hesabu hiyo ndani ya gari, wakapiga kelele kama timu yetu imefunga bao.

Michigan iko na kambi za namna mbili. Kuna zile za bustani za jimbo, zenye umeme na bafu za maji ya moto. Mtu anachomeka waya ya gari yake na anatazama televisheni kama nyumbani. Watu wanazikamata miezi sita mbele. Kisha kuna zile za misitu ya jimbo. Kule hakuna umeme wala bafu. Kuna bomba la mkono, choo cha shimo na duara la chuma la kuwashia moto, basi. Nyingi kati yazo hazina mambo ya kukamata pahali mbele: mwenye kufika wa kwanza ndiye anayelala. Wamarekani wanaopenda hizo wanakuambia kwa furaha kwamba hakuna kitu kule. Wanalisema kama sifa.

Yetu ilikuwa mashariki ya kijiji cha Grand Marais, ndani ya misonobari, hatua chache toka mchanga wa ziwa. Hakuna mlinzi anayekupokea. Pale mwingilio kuna sanduku lenye bahasha. Unaandika jina, namba ya gari, siku utakazolala, unatia dola 20 kwa kila usiku, unatumbukiza bahasha ndani ya bomba la chuma, na unabaki na kipande cha karatasi cha kutundika kwenye nguzo yenye namba yako. Hakuna anayekuhesabia pesa. Nilizihesabu mara tatu mimi mwenyewe, kwa kuogopa kukosea mbele ya watu ambao hawakuwepo.

Niliporudi kwenye gari, watoto walikuwa wamekwisha kukimbilia maji. Mama alikuwa angali kwenye kiti chake, mkanda umefungwa. Alikuwa anatazama kupitia kioo: nguzo zenye namba, bomba la mkono na watu wawili wanaosubiri na bidoni zao, choo cha shimo nyuma ya miti, moshi wa kuni.

«Sisi ni namba ngapi?» aliuliza.

«Kumi na moja, Mama.»

«Na bomba ni moja, kwa wote?»

«Ni moja.»

Alinyamaza kidogo. «Umenidanganya, baba.»

Sikuwa na la kujibu. Mke wangu alipanda, akakaa kando yake, hawakusema kitu. Nilishuka kutia mbao chini ya magurudumu ili gari ilale sawa, kwa sababu ikiinama, mlango wa choo unajifungua wenyewe na supu inamwagika. Kazi hiyo ilinichukua karibu nusu saa, na nilifurahi kwamba ilikuwa ndefu.

Aliyemshusha mama si mimi. Ni bomba. Kijana na mdogo wake walikuwa wamepewa kazi ya kuleta maji, na walikuwa wanapiga mpini mbio mbio, juu juu, kama watu wanaocheza. Maji hayakuja. Mzee mmoja Mmarekani alijaribu kuwafundisha, naye maji yakamkataa. Nilisikia mlango wa gari ukifunguka. Mama alipita karibu nami bila kunitazama, akawaondoa wote watatu, akashika mpini na kuushusha mpaka mwisho, polepole, akaupandisha mpaka mwisho, mara kumi hivi, mpaka bomba likakohoa na maji yakatoka. Kisha akamwonyesha mzee aweke bidoni yake kwanza. Alikuwa amefika mbele yetu.

Kuanzia hapo kuni zikawa mali yake. Kuhusu kuni kuna jambo ambalo kila anayekuja hapa ni lazima alijue: haifai kuzisafirisha toka kwako. Mdudu mdogo wa rangi ya kijani aliyetoka Asia aligunduliwa karibu na mji wa Detroit mwaka wa 2002, na toka siku hizo ameua makumi ya mamilioni ya miti. Anasafiri ndani ya kuni za watu. Kwa hiyo unanunua zile za pale pale, kando ya barabara, zimefungwa mafungu na kopo la kutilia pesa bila mwuzaji, ao, katika misitu ya jimbo, unaokota matawi makavu yaliyoanguka. Nilimweleza mama hayo yote. Aliuliza ni nani aliyetoa ruhusa. Nikasema ni sheria. Aliuliza tena, «Ni nani aliyeitoa?» Nikasema serkali ya Michigan. Akaenda na wajukuu, akarudi na mzigo kichwani ambao ulinyamazisha majirani wa namba 9 na 10.

Siku ya pili, karibu na saa sita za mchana, gari ya watumishi wa misitu iliingia kambini. Inapita polepole kutazama vile vikaratasi vya nguzoni. Mtu mwenye unifomu alishuka mbele ya namba 10. Nilikuwa nakata vitunguu. Nilipoinua macho, nilimwona mama akisukuma kuni kwa mguu, kimoja kimoja, chini ya gari-nyumba. Kisha akatoa kitenge chake cha mabegani na kufunika zile zilizobaki. Akasimama mbele yazo.

Mtumishi alifika, akasalimia, akasoma karatasi yetu. Mama alifungua mikono yake yote miwili, akamwambia kwa Kiswahili: «Tuliokota tu za kuanguka.» Yule hakuelewa, akatabasamu. Alituambia tusiache chakula inje usiku kwa sababu ya dubu, mnyama ambaye Wafaransa wanaita ours, aliuliza watoto kama maji ni ya baridi, akaenda zake. Yote hayakufika dakika mbili.

Mtoto wangu wa mwisho, msichana wa miaka 7, ambaye alizaliwa hapa Marekani, ndiye aliyeuliza. «Bibi, juu ya nini unaficha kuni?»

Mama aliketi. Nilifikiri atasema si kitu, kama kawaida yake. Lakini aliwaeleza. Kwamba Nyarugusu mkimbizi hakuruhusiwa kupita kilomita 4 toka kambi bila karatasi. Kwamba PAM ilitoa unga na maharagi, na maharagi hayaivi kwa jua. Kwamba kuni za karibu zilikwisha mapema, na wanawake walikwenda mbali, kwa makundi, mbele jua halijatoka. Kwamba wengine walikamatwa njiani, walinyanganywa panga, walipigwa. Kuna mambo mengine ambayo hakuyataja mbele ya watoto, na mimi sitayaandika hapa. Mwanamke yeyote aliyepita kambini anayajua.

«Na wewe walikupiga?» msichana aliuliza.

«Mara mbili. Mara ya tatu nilikimbia, nikaacha kuni.»

Na ilionekana kwamba ile ya kuacha kuni ndiyo ingali inamuuma. Aliisema na kutikisa kichwa, kama mtu anayekumbuka deni.

Mimi nilikula bugali iliyopikwa na kuni hizo miaka 20. Nilikuwa najua zinatoka wapi, namna mtoto anavyojua mambo ya nyumbani, bila kuambiwa. Lakini kumsikia mama akisema kwa kinywa chake, hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Wajukuu walikuwa wamekaa kwenye mchanga mbele yake. Kijana, ambaye alizaliwa kule kule Nyarugusu na hakumbuki kitu isipokuwa vumbi jekundu, aliingia chini ya gari na kuanza kutoa kuni, kimoja kimoja, na kuzipanga pahali zilipokuwa.

Sasa habari ya batri. Usiku wa kando ya Superior, hata katika mwezi wa saba, si wa kuchezea. Baridi ilishuka mpaka nyuzi 9. Tuliwasha joto, tulichomeka simu tano, taa ziliwaka mpaka saa ine za usiku, saa ambayo kambi inapaswa kunyamaza. Gazi ilikuwepo, lakini feni inayosukuma joto inakula batri, na batri moja haiwezi kuishi na feni usiku mzima. Karibu na saa tisa za usiku kila kitu kilizimika pamoja. Mke wangu, aliyekomalia Uvira, alisema gizani: «Délestage. Imetufuata mpaka huku.» Dawa yake ni kuwasha moteri ya gari ili batri ijae, lakini huwezi kuamsha kambi nzima saa ile. Tulijifunika kila kitu tulichokuwa nacho, hata chandarua ambacho mama alileta kwa ajili ya malaria isiyokuwepo. Mbu walikuwepo, na zaidi yao inzi fulani wa ufukoni wanaouma miguu kama sindano.

Kulipopambazuka tulimkuta mama inje. Alikuwa amewasha moto toka usiku ule ule, ameweka mawe matatu ndani ya duara la chuma kwa sababu kile chuma chao cha kuwekea sufuria hakikumpendeza, na chai ilikuwa tayari. Ndagala alizotoa Grand Rapids ndani ya mfuko, bila kumwambia mtu, zilikuwa zinakaangwa. Mama mmoja wa namba 9, Mmarekani wa umri wake, alikuwa ameketi kando yake na kikombe mkononi. Hakuna aliyejua luga ya mwingine. Sijui walikuwa wanasema nini, lakini walikuwa wanasema.

Asubuhi hiyo ndipo alipokwenda kugusa maji. Alitia miguu yote miwili, akaitoa mbio. «Haya si maji ya watu», alisema. Alitazama pale ngambo ingepaswa kuwa. Ziwa hili nalo linaua: mwaka wa 1975, mwezi wa kumi na moja, meli Edmund Fitzgerald, iliyobeba madini ya chuma, ilizama mashariki ya pale tulipokuwa, na watu 29 wote wakafa. Sikumwambia. Yeye alivuka Tanganyika usiku ndani ya mtumbwi wa kujaa na watoto wanne, na anajua ziwa linaweza kufanya nini.

Kwa wasomaji walioko huku na wanaopenda kujaribu, nasema wazi: kwa usiku tatu tulitumia karibu dola 1 000, mafuta na chakula ndani. Jazeni tangi la maji safi mbele ya kufika, kwa sababu bomba la mkono halina mpira wa kuunganisha na gari. Zimeni joto usiku na lalieni blanketi. Tumieni choo cha shimo mchana, ili tangi la choo lisijae mbio. Maji ya kuoshea vyombo nayo haifai kuyamwaga chini. Kumwaga matangi tulikufanya wakati wa kurudi, na ile kazi, na glovu mkononi na mpira mnene kama mkono wa mtu, inatosha kumfundisha kijana wa miaka 15 kwamba raha nayo iko na bei.

Siku ya Mungu asubuhi tulifunga vitu. Kuni zilikuwa zimebaki, na kwa sababu ya yule mdudu haikufaa kurudi nazo nyumbani. Nilimweleza mama kwamba watu wanaziacha pale pale, kwa ajili ya wenye kuja nyuma yao. Alinitazama kuona kama ninamdanganya tena. Kisha akazipanga vizuri kando ya duara la chuma, ndefu chini, fupi juu, akazihesabu: vipande kumi na saba. Aliuliza kama wenye kuja watajua ni nani aliyeziacha. Nikamwambia hapana.

Nilikuwa nimekwisha kuwasha moteri aliponipigia kioo. Nilizima. Aliinama, akatazama chini ya gari, akamtuma kijana aingie tena. Kulikuwa kimoja kimebaki nyuma ya gurudumu.